Musa bin Maimun: Tabibu wa Fustat aliyechukia israfu katika ibada

Msahafu wa babu yangu mzaa mama, ulionakiliwa kwa mkono, ulinifikia ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha bafta kilichokwisha geuka rangi ya chai. Babu alikuwa maalim wa chuo. Wino wake aliupika mwenyewe nyuma ya nyumba, na mimi nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kukwangua masizi chini ya kigae alichokiinamisha juu ya utambi wa taa. Masizi hayo aliyaponda pamoja na gundi ya mgunga na kitu kingine ambacho baadaye nilikisahau. Mwaka juzi niliufungua msahafu, nikakuta kurasa kumi na mbili zimetobolewa na wadudu, nikaazimia ziandikwe upya. Yule niliyempelekea, ambaye ni hodari wa hati, jambo la kwanza aliloniuliza ni wino. Wa dukani hakuutaka. Alisema mwingine hupauka baada ya miaka michache, na ule uliotiwa chuma huila karatasi pole pole hata herufi zikadondoka zikaacha matundu. Akanitaka nimletee vipimo vya babu. Lakini babu alikufa zamani, na vipimo vyake alikwenda navyo.

Basi nikaanza kutafuta. Niliuliza wazee, nikapekua vitabu, na mwisho nikaipata dawa ile mahali nisipopatarajia kabisa: katika kitabu cha sheria za Mayahudi kilichotungwa Misri zaidi ya miaka 800 iliyopita. Kitabu chaeleza kwamba hukusanywa masizi ya mafuta, au ya lami, au ya nta, yakakandwa kwa gundi ya mti na asali kidogo, yakalowanishwa na kupondwa sana mpaka yakawa kama vijikate vyembamba, kisha yakaanikwa na kuwekwa akiba. Siku ya kuandika, kijikate huloweshwa katika maji ya vinundu vya mwaloni, vile Waarabu waviitavyo afsi, na mwandishi akachovya kalamu.

Asali! Hapo nikaikumbuka chupa ndogo ya babu, ile tuliyokuwa tukiichovya vidole akienda kuswali, na fimbo zilizofuata.

Mtungaji wa kitabu hicho ndiye nitakayemweleza leo. Jina lake ni Musa bin Maimun al-Kurtubi. Mayahudi humwita Rambam, na Wazungu humwita Maimonides. Najua wako wasomaji watakaouliza kwa nini ukurasa huu wapewa Yahudi. Jawabu ni kwamba mtu huyu alizaliwa katika nchi ya Kiislamu, akafia katika nchi ya Kiislamu, vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu, na alitibu jamaa wa Sultani Salahuddin al-Ayyubi. Tena siku hizi, ambapo kuna Mayahudi huko Marekani, Ulaya na kwao wanaotafuta namna ya kufanya vyombo vyao vya ibada bila ya kuharibu ardhi na bahari, yeye ndiye wanayemrudia. Na sisi wa mwambao tukiyasoma aliyoyasema juu ya wino, makuti, pembe na sanda, tutajiona tumo ndani ya nyumba tunayoijua.

Alizaliwa Kurtuba, katika Andalusia, mwaka wa 1138 kwa hesabu wanayoikubali wanachuoni wengi leo. Mji huo huo ndio aliozaliwa Ibn Rushd miaka 12 kabla yake. Baba yake, Maimun, alikuwa kadhi wa Mayahudi, na mtoto alisoma kwake. Mwaka wa 1148 dola ya Muwahhidun kutoka Maghrib iliuteka mji. Watawala hao, kinyume cha waliotangulia, waliwabana Mayahudi na Wakristo wasilimu au wahame. Ukoo wa Maimun ulitangatanga katika miji ya Andalusia kwa muda wa miaka kumi na zaidi, kisha kiasi cha mwaka wa 1160 ukavuka bahari na kukaa Fas. Huko nako hali haikuwa nzuri. Mwezi wa Aprili 1165 walipanda chombo kuelekea mashariki.

Siku chache baada ya kung'oa nanga walipatwa na tufani kubwa. Musa aliweka nadhiri kwamba kila mwaka siku hiyo ataifunga na kukaa peke yake katika dua. Mwezi wa Mei walishuka Akka salama. Alizuru Baitul Maqdis na Al-Khalil, nchi ikiwa mikononi mwa Wafaranki wa vita vya msalaba, kisha akashika njia ya Misri akatua Fustat, mji mkongwe ulio pembezoni mwa Kairo. Baba yake alifariki wakati huo huo wa kuhama.

Ndugu mdogo wa Musa, Daudi, alikuwa mfanyabiashara wa vito. Daudi ndiye aliyelisha nyumba nzima, na Musa akapata nafasi ya kusoma na kuandika. Mpango huo si mgeni kwetu. Nyumba ngapi za Mombasa na Lamu zimekuwa na ndugu mmoja baharini na mwingine msikitini?

Alipokuwa bado mgeni Misri lilitukia jambo lililomtoa katika vitabu vyake. Mwezi wa Novemba 1168 mfalme wa Wafaranki aliuvamia mji wa Bilbeis, akaua watu na kuchukua mateka, na baina ya mateka hao walikuwamo Mayahudi. Musa aliandika barua kwa jamaa za Kiyahudi za miji mingine kuwataka wachange fedha za kuwakomboa. Barua moja ya namna hiyo, yenye saini yake, ipo mpaka leo.

Nalitaja jambo hili kwa sababu baadaye, alipokuja kuandika sheria, aliweka hukumu ambayo kwangu mimi ni ufunguo wa kumjua mtu huyu. Alisema kwamba watu wakichanga fedha za kujenga hekalu lao la sala, kisha akatokea mateka wa kukombolewa, fedha hizo zitolewe zimkomboe. Hata kama mawe yamekwisha chongwa, na boriti zimekwisha pigwa randa, na kila kitu ki tayari kwa ujenzi, viuzwe vyote kwa ajili ya mateka. Lakini jengo likiwa limekwisha simama, basi halibomolewi wala haliuzwi. Watu waombwe mchango mwingine. Kwake yeye mawe na mbao za ibada zina heshima yake, lakini heshima hiyo haipandi juu ya shingo ya mtu.

Kisha likaja pigo lenyewe.

Daudi alifunga safari ya kwenda kununua bidhaa katika bandari ya Aidhab, iliyokuwa kwenye pwani ya Bahari ya Sham. Barua aliyomwandikia kaka yake kutoka huko imehifadhiwa Cambridge, Uingereza. Anaeleza kwamba aliachana na msafara, akavuka jangwa kwa hatari kubwa na mwenzi mmoja tu, na alipofika sokoni hakukuta kitu cha kununua ila nili. Basi ameamua kuendelea mpaka Bara Hindi, naye anamtuliza kaka yake asiwe na wasiwasi. Alikata tikiti ya bahari yetu hii hii, Bahari ya Hindi, na hakurudi. Chombo kilizama. Mali yaliyozama naye yalikuwa yake, ya Musa, na ya watu wengine waliowaamini. Aliacha mjane na binti mdogo mikononi mwa kaka yake.

Musa alianguka kitandani karibu mwaka mzima, ana homa na majipu na moyo uliovunjika. Miaka minane baadaye alipomwandikia rafiki yake wa Akka alikuwa bado hajapoa. Akiona mwandiko wa Daudi au kitabu chake roho humgeuka. Mtu aliyelelewa Daudi kama mwanawe, akamfundisha sarufi na Talmudi, hakuwa na furaha nyingine ila kumwona.

Alipoinuka ilimbidi atafute riziki. Wanachuoni wenzake wengi waliishi kwa sadaka na mafungu waliyopewa kwa ajili ya elimu yao. Musa alilikataa jambo hilo kwa ukali, akaona ni kuifanya dini jembe la kulimia. Akashika utabibu, elimu aliyokwisha isoma Maghrib. Ndivyo bahari ilivyompa ulimwengu tabibu.

Na usiku, baada ya wagonjwa, aliandika. Sherehe yake ya Mishna, aliyoianza njiani na vyomboni, aliimaliza mwaka wa 1168 kwa Kiarabu. Halafu alikaa kama miaka kumi juu ya kitabu kikubwa, Mishneh Torah, chenye sehemu 14, kwa Kiebrania chepesi, akikusudia mtu wa kawaida apate sheria yote mahali pamoja. Kilikamilika kabla ya mwaka wa 1180 au karibu na hapo. Humo ndimo nilimoukuta wino, na nilipoukuta sikuweza tena kukifunga.

Ni kitabu cha mtu anayejua kazi za mikono. Akizungumza juu ya ngozi ya kuandikia Taurati anaanza kwa fundi wa ngozi: nywele huondolewa, ngozi hutiwa chumvi, kisha hutengenezwa kwa unga, kisha kwa afsi au kitu mfano wake kinachoikaza ngozi na kuipa nguvu. Ngozi iwe ya mnyama au ndege aliye halali kwao, lakini si lazima awe amechinjwa. Hata aliyekufa mwenyewe ngozi yake yafaa. Maana yake ni kwamba kwa ajili ya kitabu kitakatifu si lazima mnyama hata mmoja auawe. Nyuzi za kushonea kurasa ni kano za wanyama hao hao. Hapana kitu hapo ambacho hakirudi mchangani kikizikwa. Lililo gumu ni nia: ngozi ya Taurati isiyotengenezwa tangu mwanzo kwa kusudi hilo haifai, hata ikiwa nyororo kama hariri.

Yeye mwenyewe aliandika hati ya Taurati kwa mkono wake, na kwa desturi yake ya kupenda vipimo akatuachia hesabu yake: aliandika juu ya ngozi za kondoo dume, kurasa 226, kila ukurasa mistari 51 na upana wa vidole vinne, isipokuwa kurasa za nyimbo mbili zilizopata vidole sita. Urefu wote ulikuwa kama vidole 1,366. Hakusema neno juu ya dhahabu wala fedha ya hati hiyo.

Nirudi kidogo kwenye wino, maana nilimwuliza yule mjuzi wa hati kwa nini ufundi huu ulidumu. Alinieleza kwamba masizi ni makaa matupu, nayo hayapauki kwa jua wala hayali karatasi. Hulala juu yake tu. Gundi huyashika, na asali huzuia wino usikauke ukapasuka kama udongo wa bwawa. Musa bin Maimun aliupenda wino huu kwa kuwa ukikosea waweza kuufuta. Ule wa afsi na chumvi ya chuma, usiofutika, aliuhesabu kuwa unafaa, lakini wa masizi ndio uliokuwa bora kwake. Waliokuwa mafundi wa kunakili misahafu huko Siyu wangemwelewa bila mkalimani.

Kuhusu rangi nako kuna habari. Mayahudi wameamrishwa kutia katika pindo za nguo zao uzi wa rangi ya buluu itokayo kwa kiumbe fulani wa baharini. Zamani za Musa ujuzi wa kuitia rangi hiyo ulikuwa umepotea. Nili ilijaa masoko, kama alivyoikuta Daudi, na macho ya mtu yasingetofautisha. Lakini hukumu aliyoiandika ni kwamba rangi nyingine yoyote inayofanana haifai. Isipopatikana ya kweli, uzi utiwe mweupe kama ulivyotoka kwa kondoo. Kwa hiyo walivaa nyeupe, wala hawakughushi.

Sasa makuti. Mayahudi wana sikukuu ya vibanda, ambayo kwa siku saba hukaa na kula nje chini ya kibanda kwa kukumbuka safari ya jangwani ya Nabii Musa, alayhi salaam. Ukuta wa kibanda, asema Musa bin Maimun, waweza kuwa wa chochote, hata mnyama aliye hai akisimamishwa pale. Bali paa lina sharti: liwe la kitu kilichoota ardhini, kilichokwisha katwa, na ambacho hakijafanywa kuwa chombo. Ngozi haifai, madini hayafai, nguo haifai. Kivuli kiwe kingi kuliko jua. Anafika hata kwenye mikeka: wa matete ulio mdogo huchukuliwa kuwa ni wa kulalia, basi haufai kuezekea ila uwe umesukwa kwa nia hiyo, mkubwa huchukuliwa kuwa ni wa kuezekea, basi wafaa. Nani mwambao huu asiyejua tofauti ya mkeka na jamvi?

Siku hizi vibanda hivyo huuzwa madukani katika miji mikubwa, mabomba ya chuma na kuta za turubai la plastiki. Hata hivyo paa limewashinda wafanya biashara. Lazima liwe matawi, mianzi au majani. Sheria iliyoandikwa Fustat imeisimamisha plastiki mlangoni.

Tawi la mtende linaloshikwa katika sikukuu hiyo hiyo, likiwa limeibiwa, halifai kwa ibada, hata kama mwenyewe amekwisha kata tamaa ya kulipata. Kwa pembe ya kondoo wanayoipuliza mwaka mpya wao ukiingia, hukumu ni nyingine. Aliyepuliza pembe ya wizi amekwisha timiza, kwa sababu kilichoamrishwa ni kuisikia sauti, na sauti haiibiwi. Wanafunzi wa fiqhi watatabasamu hapo. Lakini pembe hiyo hiyo ikifunikwa dhahabu mahali pa kutilia mdomo, haifai kabisa. Lazima pumzi ya mtu ikutane na pembe yenyewe. Sisi tulio na siwa ya shaba Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, vitu vya fahari ya masultani, tunajua jinsi watu wanavyopenda kuitukuza baragumu. Yeye alitaka pembe ya kondoo, iliyopinda, basi.

Mlango ulionishughulisha zaidi ni ule wa vita. Taurati inakataza jeshi linalouzingira mji kukata miti ya matunda. Waislamu tunakumbuka wasia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lake juu ya jambo hilo. Musa bin Maimun aliitoa sheria hiyo uwanjani akaileta nyumbani. Kwanza alisema hata maji yasigeuzwe njia ili miti ikauke. Pili, si wakati wa vita tu bali popote na wakati wote, akataye mti wa matunda kwa kuharibu anastahili viboko. Mti huruhusiwa kukatwa ukidhuru miti mingine au shamba la mtu, au mbao zake zikiwa na thamani kubwa zaidi, au ukizeeka. Na uzee nao una kipimo: mtende ukitoa hata kabu moja ya tende, yaani ujazo wa mayai 24, ambao hauko mbali na kisaga chetu, usikatwe, mzeituni ni robo ya hiyo. Nilipoisoma nilikumbuka minazi niliyoiona ikiangushwa kwa siku moja, na madafu yake juu, ili mahali pagawanywe viwanja.

Tatu, na hili ndilo linalotajwa sana leo, alisema katazo haliishii kwa miti. Mwenye kuvunja vyombo, kuchana nguo, kubomoa jengo, kuziba chemchemi au kutupa chakula kwa njia ya uharibifu ameingia ndani yake. Sisi jambo hilo tunaliita israfu, nasi tumefundishwa kuiepuka hata katika maji ya udhu. Juu ya msingi huu wanasimama Mayahudi wa leo wanaoacha sahani za plastiki za kutupwa katika karamu za sikukuu, wanaochagua mishumaa ya nta ya nyuki badala ya ile itokanayo na petroli, na vitambaa vya kitani na pamba badala ya nailoni. Wengine kati yao huzidisha chumvi, wakamfanya Musa bin Maimun kama kwamba alikuwa mtu wa zama zetu. La hasha. Alikuwa kadhi wa karne ya 12, na mti usiozaa aliruhusu ukatwe hata bila haja. Lakini njia ni yeye aliyeifungua.

Umaarufu wake wa utabibu ulipanda siku za Salahuddin. Al-Qadhi al-Fadhil, waziri mkuu wa Sultani, alimpa riziki ya kudumu, na baadaye akawa tabibu wa al-Afdhal, mwana wa Sultani, aliyemtungia kitabu cha kulinda afya. Katika risala yake juu ya pumu alilinganisha hewa ya miji na ya nyikani, kama maji machafu na maji safi, akailaumu miji kwa majengo yake marefu, njia zake nyembamba na takataka za wakazi wake. Alikuwa pia mkuu wa Mayahudi wa Misri.

Ibn al-Qifti, aliyeandika habari za mahakimu wa zamani, asimulia kwamba mtu mmoja kutoka Andalusia alikuja Misri akamshitaki kuwa huko Maghrib alikuwa amesilimu kisha akaritadi. Adhabu ya shitaka hilo inajulikana. Al-Qadhi al-Fadhil aliamua kwamba Uislamu wa mtu aliyelazimishwa hausihi kisheria, na shitaka likaanguka. Wako wanachuoni wanaoutilia shaka mkasa wenyewe, lakini hukumu yenyewe ni ya heshima kwa aliyeitoa.

Mwaka wa 1199 mfasiri wake wa Ufaransa aliomba kuja kumzuru. Musa alimjibu kwa kumhesabia siku yake. Kila asubuhi hupanda mnyama kwenda Kairo kwa Sultani. Akirudi Fustat baada ya adhuhuri, njaa inamuuma, hukuta ukumbi umejaa Waislamu na Mayahudi, wakubwa na wadogo, mahakimu na walalahoi. Huwaomba radhi ale kidogo, kisha huwatibu mpaka usiku, mwisho akilala chali kwa uchovu huku akiwaandikia dawa. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 61.

Alifariki Fustat tarehe 13 Desemba 1204. Mayahudi huamini kwamba mwili wake ulichukuliwa kuzikwa Tiberia, na kaburi hilo huzuriwa mpaka leo. Mwanawe Ibrahim alishika nafasi yake.

Juu ya maziko alikwisha andika. Maiti avishwe kitani nyeupe isiyo ya ghali. Akaikumbusha desturi ya wazee wao ya sanda ya dirhamu moja, ili asiyekuwa nacho asiaibike. Mwenye kurundika nguo nyingi juu ya maiti, alisema, ameingia katika katazo la uharibifu, na ni heri nguo hizo wapewe maskini kuliko kupewa mchwa na funza. Hati ya Taurati iliyochakaa haichomwi wala haitupwi. Hutiwa ndani ya chombo cha udongo ikazikwa kando ya mwanachuoni. Na vile vitambaa vinavyofungia hati takatifu, vikizeeka, hushonwa sanda ya maiti asiye na jamaa wa kumzika. Kitambaa kilichobeba maneno ya Mwenyezi Mungu humsitiri mtu asiyejulikana na mtu.

Karatasi za Mayahudi wa Fustat nazo hazikutupwa. Zilisukumwa ghalani mwa hekalu lao la Ben Ezra kwa karne nyingi, kwa kuchelea kulidharau jina la Mungu, na mwaka wa 1896 mwanachuoni Solomon Schechter alikwenda Misri akazichukua nyingi mpaka Cambridge. Ndani yake imo barua ya Daudi, na rasimu za Musa mwenyewe, zenye maneno aliyoyakata na kuyaandika tena.

Kurasa kumi na mbili za msahafu wa babu zilikwisha mwezi wa Shaabani, kwa masizi, gundi ya mgunga na asali ya Kitui. Afsi hatukuipata, tulitumia maji ya magome ya mkoko, na yule mjuzi hakulalamika. Msahafu nimeufunga kwa bafta mpya. Ile kongwe nilifua kwa mkono, nikaipima, ikawa fupi kwa sanda ya mtu mzima. Nikaipeleka msikitini kwa wale wanaosimamia uoshaji wa maiti, nao wakaipokea wakasema yafaa kumsitiri maiti wakati wa kumwosha.